Gari la Redio la Mume Wetu

Nyumbani, 4 Februari

Kwa mke mwenzangu mdogo, mtoro wa nyumba,

Huna aibu wewe? Meli yako imetia nanga bandarini kwetu mara mbili mwaka jana, tumesikia kwa watu, na mguu wako haukufika hapa. Hata wa kupita tu, ukanywa maji ukaondoka. Nikiulizwa habari zako nasema "yuko kazini," halafu naangalia pembeni kama mwizi. Haya, marahaba, maana najua shikamoo yako iko njiani, inakuja kwa kuchechemea. Mimi sijambo. Magoti yananinunia asubuhi, mchana tunapatana. Na wewe je, unakula? Baridi ya baharini huko, unavaa soksi?

Anayeniandikia ni jirani yetu Mama Cherehani, yule mshona nguo. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinidarizie. Hapo ameguna. Andika kwamba umeguna.

Nakuandikia kwa sababu mume wetu ameanza wazimu. Unalikumbuka lile gari la redio alilokaa nalo jeshini ujana wake wote? Jeshi likalitupa, yeye akalileta nyumbani likivutwa kwa mnyororo kama mbuzi mkaidi. Miaka yote hii limelala nyuma ya nyumba, na kuku wangu wanatagia mle kwenye chumba chake cha nyuma, chini ya meza ya redio. Mwezi uliopita amenitolea kuku wote nje, mmoja mmoja, kwa heshima, kama anahamisha wapangaji. Kisha akaleta fundi wa gereji, wanamwita Moshi, kwa kuwa kila injini anayoigusa hufuka kwanza ndipo iwake.

"Mzee," Moshi akamwambia, "gari hili limebaki kutu na honi."

"Honi inalia?"

"Hailii."

"Basi limebaki kutu peke yake. Anza kazi."

Tangu siku hiyo ni msasa na nyundo kuanzia asubuhi. Nguo zangu kwenye kamba zinaota vumbi jekundu. Hilo ningelivumilia. Lakini jioni anapanda mle ndani, anavaa yale mahedifoni yake, anashika maiki na kupaza sauti: "Unanisoma? Unanisoma?" Mimi niko jikoni, ukuta mmoja tu katikati yetu. Mwanamume niliyeolewa naye meno yangu yote yakiwa mdomoni, anajua fika kwamba sikuuona mlango wa shule, leo ndiyo ananitangazia kwa majirani! Jana nilitoka na mwiko mkononi, nikamjibu: "Sikusomi, sikuwahi kukusoma, na chai yako nimeimwaga!" Akanitazama kama mtu aliyeamshwa.

Nyumba hii ilipinda siku ile uliyoondoka, unaijua siku yenyewe. Jina lako mume wetu hulimeza. Njoo. Kama huji, andika.

Mke mwenzako mkubwa,
Bibi


Melini, 11 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo, na nyingine, na nyingine ya mwaka jana. Mimi mzima. Soksi navaa mbili mbili. Msalimie Mama Cherehani, mwambie nimesikia alivyoguna.

Barua yako nimeisoma nikicheka, halafu nikatoka nje nikasimama kwenye upepo. Bibi, kwenye redio "kusoma" ni kusikia. Anayeita hewani huuliza "unanisoma?", yaani sauti yangu inakufikia? Mwenzake hujibu "nakusoma." Babu mwenyewe ndiye aliyenifundisha, nikiwa bado sijui kufunga kamba za viatu, nimekaa mapajani mwake mbele ya meza hiyo hiyo ya redio iliyokufa, tunaigiza. Hakukutukana. Mpe chai yake.

Unaniuliza kwa nini siji. Siku niliyowaambia nimepata kazi ya redio melini, uliyasikia maneno yake: "Ukipanda meli hiyo, hodi yako isisikike tena mlangoni kwangu." Nikapanda. Safari ya pili tulipotia nanga huko nilikuja, Bibi, nilifika mpaka kwenye kona ya duka la magodoro. Nikaliona bati la nyumba yetu. Nikarudi. Kufukuzwa sikukuogopa. Niliogopa nigonge, aje afungue, anyamaze.

Redio ya gari lile ikitengenezwa vizuri inafika mbali. Inafika huku. Hebu muulize mume wetu anamwita nani.

Mke wenu mdogo


Nyumbani, 6 Aprili

Kwa mke mwenzangu,

Marahaba. Umeniaibisha mbele ya Mama Cherehani, amecheka mpaka miwani ikadondoka. Sasa mtu ningejuaje? Kusoma ni kusikia, na kusikia kwenu mnakuitaje, kupika? Chai nimempa, na sukari nikamwongezea, akaniuliza kama kuna mgonjwa.

Nimemuuliza ulivyoniagiza. Nilingoja mpaka namkata kucha za miguu, maana hapo hawezi kukimbia.

"Unamwita nani kwenye redio?"

"Naijaribu tu."

"Unaijaribu kwa nani?"

"Mama, kata kucha, acha kidole."

Nikamaliza mguu wa kulia, nikaanza wa kushoto, ndipo akasema mwenyewe: "Yule mke mdogo ana sauti nyembamba. Sauti nyembamba hupenya vizuri hewani." Halafu akaniambia jambo ambalo hajaniambia tangu anioe. Zamani, jeshini, akiwa ndani ya gari hilo hilo, alisikia chombo kikizama. Watu wa chombo walikuwa wanamwita yeye, masikioni mwake kabisa, naye alikuwa nchi kavu, hana hata kamba ya kuwatupia. Aliwajibu mpaka sauti ya mwisho ikakatika. "Ndipo mtoto anakuja kuniambia kazi yake itakuwa redio ya meli," akasema. "Nilishikwa na woga, mama. Mdomoni ukatoka kama hasira."

Mimi nikamwambia, "Basi mwandikie." Akasema barua hawezi, atasema kwa kazi yake. Kiburi cha mwanamume ukikichemsha hakiivi.

Gari sasa linatazamika. Bodi imechomelewa, limepigwa rangi ya kijani ile ile ya jeshi, mlingoti wa antena umesimama juu kuliko bati la nyumba, na majirani wanauliza kama tunafungua kituo cha polisi. Injini inawaka, ila Moshi asipokanyaga mafuta inazima. Kinachotushinda ni redio. Inavuma tu kama nyuki, haisikii wala haisemi. Mume wetu anasema ni zile balbu za kioo za ndani, mbili zimeungua na hapa hazipatikani tena. Moja nakuletea humu, nimeizungushia vipande vya kitambaa vya Mama Cherehani. Itazame, ututafutie.

Fanya haraka. Anapumzika mara nyingi kupanda ile ngazi ya gari, na juzi kikombe kimemponyoka mkononi akakitazama kama si cha kwake.

Mke mwenzako mkubwa,
Bibi


Melini, 29 Mei

Bibi yangu, shikamoo.

Natumai barua hii inakukuta mzima na magoti yamekubali. Mimi naendelea vizuri, ila tangu nisome habari ya chombo kile kilichozama, nikivaa hedifoni namwona babu kijana, amekaa peke yake.

Balbu nimezipata. Tulitia nanga mahali kuna mzee anatengeneza redio za kizamani kwenye chumba cha chini ya ngazi. Aliigeuza balbu yenu mkononi, akaingia ndani, akatoka na mbili zake nzima zimefungwa kwenye pamba. Nami nimezifunga vile vile. Mwambie Mama Cherehani asiruhusu mtu azitikise.

Humu nimeweka kikaratasi cha babu peke yake, kina masafa ya kunipata. Nitakuwa nasikiliza kila Jumapili jua linapozama kwenu. Nitakaa kimya, Bibi. Aniite yeye kwanza. Nimeshindana na moyo wangu hapo nikashindwa: aliyenifukuza ndiye aanze kuniita. Si lazima aombe radhi. Akisema lolote tu, nitajibu, naye atajua.

Mkataba wangu unaisha mwishoni mwa mwaka. Sauti yake ikinifikia, nitakuja.

Mke wenu mdogo


Nyumbani, 14 Julai

Kwa mke mwenzangu,

Kaa kwanza ndipo usome.

Mume wetu ameanguka. Nusu ya mwili imekufa, mkono wa kulia na mguu, na mdomo umevutika upande. Maneno yanatoka machache, yanaburuzika. Daktari anasema tungoje. Mimi naona anachongoja daktari, na mume wetu anakiona pia.

Balbu zimefika nzima. Moshi amezitia, babu yako amelazwa kwenye benchi mle ndani anamwelekeza kwa macho. Akikosea anafumba jicho, akipatia anafumbua. Moshi anasema hajawahi kutukanwa hivyo na jicho.

Jumapili ijayo tunakuita. Nakuomba, na mimi si mtu wa kuomba: uwe hapo.

Bibi


Nyumbani, 3 Agosti

Mjukuu wangu,

Mume wetu ametuacha. Tumemzika Alhamisi. Watu walikuwa wengi, na Moshi alilia kuliko mimi.

Sasa nieleze. Ulikuwa wapi?

Jumapili tulifanya kila kitu. Moshi alimbeba mgongoni, akamlaza kwenye benchi la gari, mle ndani kunanuka rangi mpya. Moshi akaenda mbele kukanyaga mafuta injini isizime. Nikabaki mimi na yeye. Alinionyesha vifundo kwa kidole cha kushoto, hiki, hiki, geuza, nami nikageuza, mikono yangu ya kusonga na kufua, leo inageuza vitu vya jeshi. Taa zikawaka. Ule mvumo wa nyuki ukatulia. Jua linazama, nakwambia, kwenye kidirisha kile kidogo nililiona.

Maiki hakuweza kuishika, nikamshikia mdomoni. Ina kitufe ubavuni, akanionyesha kwa kidevu: bonyeza. Nikabonyeza kwa vidole vyote kama nakamua blanketi.

Akasema, kwa mdomo wake ule wa nusu, polepole, kila neno nalijua: "Unanisoma? Ni mimi, mume wako mzee. Nilikufukuza kwa woga, haikuwa hasira. Bado ni mke wangu, wewe?"

Akatazama spika. Nami nikaitazama spika. Kimya. Hata mkwaruzo hamna.

Akanigeukia akasema, "Achia."

Nikaelewa. Alikuwa anataka nimwachie aende zake. Nikamwambia, "Sikuachii. Miaka yote hii, leo nikuachie ndani ya kichuma hiki? Ng'o!" Akasema tena, "Achia, mama, achia," na machozi yanamtoka upande mmoja tu, ule uliokuwa bado hai. Mimi nikazidi kukaza. Maiki mkono huu, mkono wake mkono huu, nikamwambia utaniona, sikuachii. Tukakaa hivyo mpaka injini ikakohoa, ikazima, na taa zote zikafa.

Mle gizani akasema, "Yuko kazini." Akakutetea, unasikia? Wewe hukumjibu, yeye akakutetea.

Jumatano alfajiri akaondoka, hata sikuhisi mkono wake ulivyolegea.

Ulisema kila Jumapili. Neno moja tu lilitakiwa, "ndiyo." Sijui nikuambie nini. Mama Cherehani anasema nisimalizie barua hivi. Mimi namalizia hivi hivi.

Bibi yako


Melini, 9 Septemba

Bibi,

Shikamoo. Pole, Bibi yangu. Sina neno la kukufaa, na ninayo haya tu.

Nililala. Zamu ya Jumapili ile ilikuwa ndefu, nikakaa kwenye redio kungoja, usingizi ukanichukua. Nilipoamka jua lilikuwa limeshazama kila mahali. Sikusikia chochote. Kosa ni langu peke yangu, mtu mwingine yeyote hana sehemu humo. Ukitaka kunichukia, nichukie, utakuwa na haki.

Gari lifunge mlango uliache, usilifikirie. Ulimshikia maiki, ulimshika mkono, ulimpenda vizuri. Ukikumbuka siku ile, kumbuka hilo tu. Na yule kuku naye msamehe, usimchinje.

Mwisho wa mwaka huenda nisije. Meli inatafuta mtu wa kubaki.

Mjukuu wako


Nyumbani, 20 Oktoba

Mke mwenzangu, muongo mkubwa wewe,

Kuku yupi?

Nilimwambia Mama Cherehani asome tena pale pa kuku. Akasoma. Nikamwambia asome tena. Mimi sikukuandikia habari za kuku. Katikati ya maneno ya babu yako, mtetea wangu mmoja alipanda garini kutafuta kiota chake cha zamani akaanza kelele, nikamwambia nyamaza wewe, kesho nakuchinja. Nilimwambia hayo mle ndani ya gari, mbele ya babu yako tu, na barua yangu nzima sikumtaja, maana niliona si wa kutajwa kwenye msiba. Sasa mtu aliyelala alimsikia wapi?

Nikaenda gereji. Moshi alikuwa chini ya gari la watu, nikamvuta kwa mguu. Nikamwambia njoo uwashe gari la mzee, unionyeshe maiki inavyofanya kazi, na usinifiche. Akawasha. Akaishika.

"Bibi, ni rahisi. Ukibonyeza, unasema. Ukiachia, unasikia. Ukiwa umebonyeza, hata dunia nzima ikikujibu huisikii."

"Rudia lile la katikati."

"Ukiachia, unasikia."

Nilikaa chini pale pale. Moshi alidhani nimepatwa na kizunguzungu, akakimbilia maji. Maji ya nini. Mtu alikuwa ananiambia achia, achia, anakutaka wewe, na mimi nimemshikilia nadhani anataka kufa.

Kwa hiyo ulikuwepo. Ulisikia kila kitu, mpaka kuku. Ulikuwa unamjibu na mimi ninakaza. Ulikuwa unanipigia kelele niachie, najua ulipiga kelele, na mimi ninakaza.

Ukaona uniandikie kwamba ulilala, ili mkono wangu usijue ulichofanya. Mkono umekwisha kujua. Nauangalia sasa hivi. Ndio uliokuosha siku uliyozaliwa, ndio uliomfumba yeye macho, na ndio uliomziba masikio. Siukati, nitakwenda nao. Alikufa bila kukusikia, hilo limekwisha kuwa, na wewe usihangaike kunifutia. Lakini uongo wako nakurudishia. Usibebe usingizi ambao hukulala. Wala usijitoe nyumbani kwako kwa ajili ya kitufe.

Na lingine ulijue. Ulitaka aanze yeye, akaanza. Alivuta nusu ya mdomo kwa nguvu iliyobaki mwilini mwote, akaanza. Hilo mlilipata nyinyi wawili, mimi sikuliziba.

Gari siuzi. Wamekuja wawili kuniulizia chuma chakavu, nimewatimua na mwiko. Moshi anakuja kila baada ya siku chache kuliwasha, anasema likikaa kimya sana litakufa tena. Kuku yuko hai, anajidai.

Sasa sikiliza. Ulichomjibu usiniandikie. Mama Cherehani ameshaharibu karatasi mbili kwa machozi yake, na hii ya tatu naiona inalowa. Mwisho wa mwaka unakuja, "huenda" yako iache huko huko kwenye maji. Ukifika usipitie mlango wa mbele, zunguka moja kwa moja nyuma ya nyumba, utanikuta nimekaa kwenye ngazi ya gari. Salamu tutapeana baadaye. Kaa upande wangu wa kushoto, sikio hilo ndilo zima, uniambie ulichomjibu, neno kwa neno, kuanzia la kwanza. Mimi nitanyamaza mpaka umalize.

Bibi yako, mke mwenzako